AKIBA HAIOZI



Hivi karibuni, baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa usharika wetu alitusubiri mlangoni pa kanisa. Tulidhani anataka kuuliza habari za presha yake, maana sisi wauguzi hatuna Jumapili. Kumbe sivyo.

"Sista," alisema, "huyu mwanangu wa kidato cha tatu ananiumiza kichwa. Ati anacheza mpira wa kikapu shuleni. Kila mechi anaondoka na jezi, anakaa benchi, anarudi na jezi safi kama nilivyoianua kwenye kamba. Msimu mzima sijafua jasho lake! Nimemwambia aache. Si aibu hiyo?"

Tulicheka naye, halafu tukaona macho yake yamejaa machozi. Mzazi akiona mtoto wake ameachwa pembeni, naye huketi kwenye benchi lile lile. Tulimwambia kwamba tunamfahamu kijana mmoja aliyekalia benchi kuliko mwanawe, na kwamba tutaiandika habari yake katika ukurasa huu ili na wengine waisome. Leo tunatimiza ahadi.

Kijana aliyelala kwenye kochi

Wengi wetu tulicheza netiboli shuleni, kwa hiyo tunajua maana ya kusubiri nje ya mstari ukiwa umevaa kamili, huku wenzako wakishangiliwa. Kwa Kiswahili mtu huyo tunamwita mchezaji wa akiba. Ni jina zuri, na tutalirudia baadaye.

Jeremy Lin alizaliwa mwaka 1988 huko California, Marekani. Baba yake na mama yake walitoka Taiwan. Wote wawili walikuwa wahandisi, wacha Mungu, na wafupi wa kimo. Baba alipenda mno mpira wa kikapu, akawafundisha wanawe watatu jioni, baada ya kazi za shule. Mama, Shirley, alilaumiwa na rafiki zake kwa kumwachia mtoto apoteze muda uwanjani. Hakuwasikiliza. Alishika jambo moja tu: kazi za shule kwanza, mpira baadaye.

Mwaka 2006 Jeremy aliiongoza timu ya shule yake ya sekondari kuwa mabingwa wa daraja lao katika jimbo zima la California. Pamoja na hayo, hakuna chuo kikuu hata kimoja kilichompa nafasi ya kusoma bure kwa ajili ya mpira. Alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho hakitoi msaada wa namna hiyo kwa wanamichezo, akacheza miaka minne na kupata digrii ya uchumi mwaka 2010. Mwaka huo timu za ligi kuu ya Marekani, NBA, zilichagua vijana 60. Jina lake halikuwamo.

Timu ya Golden State Warriors, ya jirani na kwao, ikamchukua. Alicheza dakika chache, na mara tatu alipelekwa ligi ndogo. Tarehe 9 Desemba 2011 wakamwacha. Timu ya Houston Rockets ikamchukua, nayo ikamwacha tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi. Tafakari mama: mwanao anapata barua ya kuachishwa kazi mara mbili katika mwezi mmoja, na ya pili inamfikia watu wakiwa wanapamba kanisa!

Siku tatu baadaye New York Knicks wakamchukua kwa sababu walinzi wao walikuwa wameumia. Hakupanga nyumba, kwa kuwa hakujua kama atakuwapo wiki ijayo. Alilala kwenye kochi la kaka yake, aliyekuwa mjini humo akisomea udaktari wa meno. Januari 2012 alipelekwa tena ligi ndogo, akacheza vizuri mno, akarudishwa, akakalishwa benchi. Kabla ya mechi moja alimwomba mchungaji wa timu amwombee asiachwe tena. Maana alijua kwamba baada ya Februari 10 mkataba wake ungekuwa wa uhakika hadi mwisho wa msimu, na kwamba uongozi ulikuwa unafikiria kumwacha kabla ya tarehe hiyo.

Usiku wa Februari 4

Jumamosi ya Februari 4, 2012, Knicks walicheza na New Jersey Nets nyumbani kwao, ukumbi wa Madison Square Garden. Walikuwa wamepoteza mechi 11 kati ya 13. Usiku wa kuamkia siku hiyo Jeremy alilala kwenye kochi la mchezaji mwenzake, Landry Fields. Kocha Mike D'Antoni, akiwa hana mtu mwingine wa kumjaribu, alimwingiza. Wakati wa mapumziko nyota wa timu, Carmelo Anthony, alimshauri kocha amwachie kijana yule aendelee. Akaendelea. Alifunga pointi 25, akatoa pasi 7 zilizozaa vikapu, na Knicks wakashinda 99 kwa 92.

Mechi iliyofuata alianza, akafunga pointi 28. Iliyofuata, 23. Tarehe 10 Februari, siku ile ile aliyokuwa akiiogopa, walikuja Los Angeles Lakers na nyota wao Kobe Bryant. Kobe alifunga 34. Jeremy alifunga 38, na Knicks wakashinda. Siku nne baadaye, mjini Toronto, matokeo yalikuwa sare, ikabaki chini ya sekunde moja, akarusha mpira kutoka mbali ukaingia. Timu ilishinda mechi saba mfululizo. Katika mechi zake tano za kwanza za kuanza alifunga pointi 136. Magazeti yaliunganisha jina lake na neno la Kiingereza la wazimu, na dunia nzima ikalitamka.

Je, ulikuwa muujiza?

Wako watakaosema: "Mungu alimwinua, basi." Nasi tunaamini hivyo. Lakini Mungu hufanya kazi kwa njia, na ni vizuri tuzitazame njia hizo ili tusiwafundishe watoto wetu kungoja muujiza huku wamekunja mikono.

Kwanza, alikuwa tayari. Mwaka 2011 ligi ilisimama kwa miezi mitano kwa sababu ya mgogoro wa wenye timu na wachezaji. Jeremy aliutumia muda huo kuongeza nguvu za mwili na kurekebisha namna yake ya kurusha mpira. Hakuna aliyemtazama. Mlango ulipofunguliwa hakuwa na siku hata moja ya kujiandaa, na kwa kweli hakuihitaji.

Pili, alipata mahali panapomfaa. Kwa Golden State alikuwa nyuma ya Stephen Curry na Monta Ellis, wote wakali wa nafasi yake. Kwa Knicks mtindo wa kocha D'Antoni ulikuwa huu: mlinzi mmoja anashika mpira, mchezaji mrefu anakuja kusimama kama ukuta ili kumzuia adui, kisha anakimbilia kikapuni. Yule mwenye mpira anaamua mara moja: nirushe, nipite, au nimpe mwenzangu? Mtindo huo unataka kichwa chepesi na moyo usioogopa. Jeremy alikuwa navyo tangu Harvard. Mtu ni yule yule, mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa. Mkulima anajua kwamba mbegu iliyokataa kwenye mfinyanzi inaweza kustawi kwenye kichanga, na hakuna anayeitukana mbegu.

Tatu, mtu alisema neno kwa ajili yake. Carmelo alikuwa nyota, angeweza kuogopa kupunguziwa sifa. Akasema neno moja wakati wa mapumziko. Kina mama, ni mara ngapi sisi tulio karibu na wakubwa tunanyamaza, wakati neno letu moja lingemwinua mwenzetu?

Waliomwacha

Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi wenyewe.

Wengi walipoona vikapu vile walianza kudai kwamba walijua tangu zamani. Daryl Morey, aliyekuwa mkuu wa shughuli za timu ya Houston, hakufanya hivyo. Mwezi ule ule wa Februari 2012 aliandika hadharani kwamba walipaswa kumbakiza, kwamba hawakujua kama ni hodari kiasi kile, na kwamba yeyote anayedai alijua anadanganya watu. Miaka ya baadaye alieleza zaidi. Hesabu zao wenyewe zilikuwa zimeonyesha tangu mwaka 2010 kwamba kijana yule anafaa kuchaguliwa, na vipimo vilionyesha kwamba ana kasi. Lakini kila aliyemtazama, yeye akiwamo, aliona mtu asiye na mwili wa michezo. Alikiri kwamba hakuiona sababu nyingine ila asili ya kijana, yaani Uasia wake. Macho yalikuwa yamekwisha kuamua kabla ya vipimo kusomwa.

Tuliposoma maneno hayo tuliona haya, kwa sababu nasi tumewahi kumwacha mtu.

Miaka mingi iliyopita, tukisimamia wodi ya upasuaji, tuliletewa muuguzi kijana aliyetoka chuoni. Alikuwa mpole na mzito. Kufunga kidonda kimoja kulimchukua muda ambao mwenzake angefunga vitatu. Tukimkaripia alitetemeka, akitetemeka aliangusha vifaa. Baada ya miezi sita tuliandika taarifa kwamba hafai. Tuliandika neno hilo hilo, "hafai", tukapiga mhuri, naye akahamishiwa kituo kidogo cha afya kijijini. Usiku ule tulilala usingizi mzuri.

Zaidi ya miaka mitatu baadaye tulikwenda kijiji hicho na kikundi cha huduma cha kanisa. Tulikuta foleni ya kina mama wenye watoto migongoni, wengine wametembea kutoka kijiji cha pili. Wote walikuwa wakimtaka yeye. Alikuwa ameketi na kadi ya kliniki mkononi, akimsikiliza mama mmoja kana kwamba hakuna mwingine duniani. Mstari wa uzito wa mtoto ulikuwa umelala kwa miezi miwili. Muuguzi mwenye haraka angesema, "Mpe uji wa lishe," na kuita mwingine. Yeye aliuliza polepole nani anayembaki na mtoto mama akienda shamba, mtoto anakula saa ngapi, na usiku kukoje. Ndipo ikajulikana kwamba mama ana mimba changa, amemwachisha ziwa ghafla, na ameona aibu kusema. Ule uzito uliotukera sisi wodini, pale ulikuwa uvumilivu. Ulikuwa dawa.

Alipotuona alisimama. "Shikamoo, sista!" Alituletea chai, ikatushinda kumeza. Tulimwambia, "Mwanangu, sisi tulikukosea."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sista, mngenibakiza kule ningeacha kazi. Kunihamisha hakukuniumiza. Lakini lile neno nililisoma kwenye faili. Mwaka mzima kila nilipochukua kadi ya mtoto nililiona limeandikwa pale juu."

Wapendwa, kuna tofauti kati ya kumwambia mtu "nafasi hii haikufai" na kumwambia "wewe hufai". La kwanza ni uongozi. La pili hatuna mamlaka nalo, maana hatukumuumba.

Mtume Paulo naye alipitia hapo. Katika Matendo ya Mitume 13 tunasoma kwamba kijana Yohana Marko aliwaacha njiani akarudi Yerusalemu. Sura ya 15 inatueleza kwamba walipopanga safari ya pili Paulo alikataa kata kata kumchukua, hata akagombana na Barnaba wakaachana. Barnaba akamchukua Marko, wakaenda Kipro. Miaka ikapita. Paulo akiwa kifungoni, karibu na mwisho wa maisha yake, alimwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa katika utumishi (2 Timotheo 4:11). Kanisa limeamini tangu zamani kwamba Marko huyo ndiye aliyetuandikia Injili. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya Barnaba aliyempa timu mpya. Tumshukuru pia kwa ajili ya Paulo, aliyekuwa na unyenyekevu wa kubadili neno lake, na kulibadili kwa maandishi.

Baada ya shangwe

Tungeweza kuishia kwenye pointi 38, lakini tungewadanganya. Tarehe 17 Februari 2012 Knicks walifungwa, na Jeremy alipoteza mpira mara 9. Mwezi Machi kocha D'Antoni alijiuzulu. Mwezi huo huo gegedu ya goti la kushoto la Jeremy ilichanika, akapasuliwa, na msimu ukamwishia hapo. Julai alihamia Houston, timu ile ile iliyokuwa imemwacha, kwa mkataba wa dola milioni 25 kwa miaka mitatu. Baada ya hapo alihama timu baada ya timu. Oktoba 2017, katika mechi ya kwanza kabisa ya msimu, kano ya goti la kulia ilikatika, akakaa nje mwaka mzima.

Mwaka 2019 timu ya Toronto Raptors ilichukua ubingwa naye akiwa mchezaji wao. Alipata pete ya ubingwa, lakini mechi za mwisho alizitazama karibu zote akiwa benchi. Wiki chache baadaye, akizungumza huko Taiwan, alilia mbele ya watu akieleza uchungu wa kuona hakuna timu inayomtaka. Alikwenda kucheza China, na baadaye Taiwan, nchi ya wazazi wake, ambako alicheza timu moja na mdogo wake Joseph na kutwaa ubingwa. Agosti 2025 alitangaza kustaafu.

Kwa hiyo benchi linaweza kurudi. Ndoa inakuwa na majira yake, kazi inakuwa na majira yake, hata huduma kanisani. Aliyeimba mbele mwaka huu anaweza kubeba viti mwaka ujao. Tukimfundisha mtoto kwamba thamani yake iko katika kushangiliwa, siku kelele zikinyamaza atabaki na nini? Jeremy mwenyewe amesema mara nyingi kwamba ilimbidi ajifunze kuiweka imani yake mahali ambapo matokeo ya mechi hayafiki, na kwamba somo hilo halikuwa jepesi.

Nyumbani tufanye nini?

1. Tuchunge ulimi. Kocha akimweka mtoto benchi, ni kwa saa moja. Mama akimwambia "mchezo si wako", anaweza kumweka benchi miaka ishirini.

2. Tumfundishe kuuliza swali sahihi. Badala ya "mbona mimi sichezeshwi?" amwendee mwalimu kwa heshima, aulize, "Mwalimu, nirekebishe nini?" Kisha akafanye hicho, hata kama hakuna anayemtazama.

3. Tusiogope kubadili mahali. Mtoto anayeshindwa hesabu anaweza kuwa fundi bora wa kushona au wa umeme. Lakini ahame baada ya kujaribu kwa bidii, asihame kwa hasira.

4. Masomo yabaki mbele, kama alivyoshika mama Shirley. Goti huchanika, elimu haichaniki.

5. Tulio na madaraka, iwe ofisini, kwaya, kikundi cha mikopo au nyumbani kwa wasaidizi wetu wa kazi, tutazame benchi letu. Nani tumemwandika "hafai" kwa sababu ya kabila lake, umbo lake, mavazi yake au upole wake? Samweli alipofika nyumbani kwa Yese alipitishiwa vijana saba, na aliyetakiwa alikuwa machungani.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Mama wa nyumbani hashangai kuona mtungi wa mahindi umesimama pembeni mwezi wa sita. Haudharau, anaufunika, anauangalia usiingie fukusi. Anajua mwezi wa pili unakuja.

Yule mama wa usharika wetu tulimsomea maneno haya kabla ya kuyatuma. Juma lililofuata alikwenda mwenyewe kutazama mechi, kwa mara ya kwanza. Kijana hakuingizwa. Mama alikaa mpaka mwisho, kisha akangoja tena karibu saa nzima, kwa maana wenzake walipoondoka kijana alibaki uwanjani akirusha mpira peke yake mpaka giza likaingia.

"Sista," alituambia kwa furaha, "safari hii nimefua jasho."

Kwa vikundi vya kina mama: Ni neno gani ulilowahi kuambiwa ambalo bado unaliona "limeandikwa pale juu"? Na je, yuko mtu ambaye wewe unapaswa kumfuata na kumwambia, "Nilikukosea"? Someni 1 Samweli 16 na Matendo ya Mitume 15, mwombeane.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.